Dakika Tisa Kwenye Kilima cha Saari

Kabla hajashika usukani wa lori la kuondoa theluji barabarani, Irja Rautio alikuwa amekwisha kupoteza kazi tatu, naye alikuwa na miaka ishirini na sita tu. Kazi ya maktaba haikumponyoka kwa kosa lake. Saa za kufungua zilipunguzwa mpaka hazikutosha tena watu wawili. Kwenye duka la mikate aliunguza trei sita kwa sababu alitoka nje mara moja kutazama mvua ya mawe, na mara moja hiyo ikawa robo saa. Kwa daktari wa meno, alikokuwa akipokea simu, aliambiwa kwa upole kwamba sauti yake inawatia wagonjwa huzuni.

Mama yake, Elvi, aliyemletea kila Jumapili mkate wa iliki uliosukwa kama nywele, alikuwa na maelezo yake. "Wewe si mvivu, mwanangu," alimwambia. "Akili yako tu haikai ndani ya nyumba."

Kwa hiyo idara ya barabara ya wilaya ilipotangaza nafasi ya dereva, Irja aliomba. Leseni ya malori alikuwa nayo, kwa kuwa kiangazi kimoja aliwahi kubeba magogo na mjomba wake. Akachukuliwa mwezi wa Novemba, kwa majaribio ya miezi sita. Katika Rasi ya Keweenaw, ambako Ziwa Superior humwaga theluji kuanzia Oktoba mpaka watu wasahau rangi ya nyasi, hiyo ni kazi ya heshima. Dereva wa lori la theluji akiingia mgahawani, watu humsogezea kiti.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuliandika kwenye barua ya maombi. Irja alikuwa mgonjwa wa theluji. Si kuteleza juu yake wala kuichezea: kuitazama. Tangu alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikuwa akizikamata chembe zake kwenye kipande cha mahameli nyeusi, akizipiga picha kupitia lenzi kabla hazijayeyuka. Kwenye chumba chake cha kupanga, juu ya duka la vifaa vya uvuvi, mahameli ilikaa kwenye friji, kwenye mfuko, kando ya samaki, ili iwe baridi saa yoyote itakapohitajika. Picha zilikuwa zimepita elfu nne. Kila moja ilikuwa na tarehe, saa, joto la hewa na mwelekeo wa upepo. Mwanamume mmoja aliyekuwa akimpenda alizitazama jioni nzima, halafu akauliza zina kazi gani. Irja alishindwa kumjibu, na yule bwana hakurudi.

Mwezi wa kwanza kazini alivunja masanduku kumi na moja ya barua.

Lori lile lina jembe kubwa la chuma mbele, na ubavuni kuna jembe la pili linalokunjuka, ambalo madereva huliita bawa. Bawa ndilo lililomshinda. Alilikunjua mapema mno, au alisahau kulikunja, na masanduku yaliyosimama kwenye nguzo zao kando ya barabara yakaruka moja baada ya jingine. Msimamizi wake, Waldo Heikkinen, mzee mnene wa maneno machache aliyebakiza miaka miwili astaafu, hakumfokea. Alimpa mtaimbo, sepetu na nguzo mpya, akamwambia, "Nenda kayasimamishe mwenyewe. Yote. Kwa mikono." Irja alifanya kazi hiyo wikendi tatu, akipasua udongo uliokuwa umeganda kama zege, huku wenye nyumba wakimwangalia kupitia madirishani na vikombe vyao vya kahawa mkononi.

Tangu siku hiyo Lyle Trudell akampa jina la Sanduku.

Lyle alikuwa dereva wa majira kumi na nane ya baridi, mwembamba, mwenye ulimi usiolala. "Sanduku, shikamoo ya posta," angemwambia asubuhi. Au angeuliza mbele ya wenzao, "Leo umeua wangapi?" Irja alicheka nao ili yaishe. Mwezi wa Januari aligonga kibao cha kanisa la Kilutheri, kikapinda, na Waldo akaandika kosa la pili. Hakusema zaidi. Kila mtu pale gerejini kwa idara alijua kwamba mwenye majaribio akifikisha makosa matatu anarudisha koti la kazi na kwenda zake.

Ndipo ikaja Jumanne ya Kilima cha Saari.

Ilikuwa asubuhi, hewa imetulia, nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Irja alikuwa akipanda kilima akimwaga mchanga. Chembe moja ikatua kwenye kioo cha mbele, pembeni, pasipofikiwa na waipa, akaiona. Ilikuwa na mikono sita, na kila mkono umechanua kama jani la kangaga, nayo yote ilikuwa kubwa kuliko ukucha wa kidole kidogo. Nyingine ikatua. Katika miaka kumi na mitano alikuwa ameziona za namna ile mara mbili tu, na mara zote mbili hakuwa na kamera. Sasa kamera ilikuwa mfukoni, na mahameli nyuma ya kiti. Akajiambia dakika moja. Akasimamisha lori.

Alipokuwa ameinama nje, amebana pumzi asiziyeyushe, lori la Lyle lilipita kando yake likishuka. Lyle alipunguza mwendo, akatazama vizuri, akaenda zake.

Chombo kilichofungwa kwenye lori kilirekodi dakika tisa. Kwa dakika hizo zote basi la shule, lenye watoto ishirini na watatu, lilikuwa limekwama kwenye mteremko wa upande wa pili wa kilima likisubiri mchanga, matairi yakirudi nyuma kidogo kidogo kuelekea mtaroni. Halikuanguka. Lakini dereva wake, mama mtu mzima, alipiga simu idarani akitetemeka.

"Ulisimama kwa nini?" Waldo alimuuliza mchana ule.

Irja alikuwa na jibu la kweli mdomoni. Akatoa jingine. "Waipa iliganda, mzee. Nilishuka kuigonga barafu."

Waldo alivuta karatasi yake. "Kama iliganda, iliganda. Hilo si kosa." Akaandika. Baada ya juma moja ikaja barua: kwa sababu ya malalamiko ya dereva wa basi, kamati ya barabara itamsikiliza Irja Rautio siku ya Ijumaa, saa nane mchana. "Utawaambia ulivyoniambia mimi," alisema Waldo, "nami nitakaa kando yako."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima raha. Uongo alioutoa kwa mtu mmoja, gerejini, sasa ulitakiwa kuvaa suti na kusimama mbele ya watu watatu wa kamati. Tena kulikuwa na Lyle, aliyeona kila kitu. Lyle hakudai chochote. Angekuwa amedai, Irja angejua la kufanya. Alichofanya ni kupita karibu yake kwenye mashine ya kahawa na kusema kwa sauti ya chini, kama anayemjulia hali mgonjwa, "Waipa imepona, Sanduku?" Siku hiyo hiyo tena, mbele ya Waldo: "Waipa za siku hizi zina mambo." Waldo hakuinua kichwa. Irja aliacha kunywa kahawa pale. Chakula alikula garini mwake, na pai yake ya nyama na viazi mara nyingi ilirudi nyumbani nusu.

Alhamisi, siku moja kabla ya kikao, dhoruba iliingia kutoka ziwani.

Saa nne asubuhi shule zilifungwa. Saa tano barabara kuu ikaanza kupotea. Waldo alikuwa na madereva sita barabarani, na wawili walikuwa kitandani kwa homa. Kufikia saa sita theluji haikuwa ikianguka tena. Ilikuwa inapita kwa ubavu, nyeupe tupu, na upepo uliitikisa kabini ya lori la Irja kama mtu anayejaribu kufungua mlango. Alikuwa amesimama kwenye njiapanda ya barabara kuu na Barabara ya Mgodi, akisubiri maagizo, redio ya lori ilipokohoa.

"Kituo. Hapa Namba Nne." Ilikuwa sauti ya Lyle, lakini haikuwa na mzaha. "Nimelala ubavu."

"Rudia, Nne," alisema Waldo.

"Nimeingia mtaroni. Barabara ya Mgodi, baada ya kona ya pili, karibu na kwa kina Tervo. Lori limelala. Kioo kimetoka. Usukani umenibana mguu, siwezi kuuvuta. Injini imezima, nikijaribu haiwaki."

Waldo akauliza, "Unavuja damu?"

"Sijui. Theluji imenijaa mapajani. Sisikii miguu vizuri."

Nje ilikuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, bila kuhesabu upepo. Waldo aliita ambulensi, halafu akaita lori kubwa lililokuwa kaskazini mwa wilaya. Dereva wake akajibu kwamba yuko mbali, saa moja na nusu kama njia itamruhusu. Halafu Waldo akasema, "Namba Saba, uko wapi?"

Irja alibonyeza kitufe. "Njiapanda ya Mgodi."

"Ni maili sita mpaka kwa Tervo. Ambulensi inakuja hapo ulipo, haiwezi kupita bila lori mbele yake. Unaona nini?"

"Naona jembe langu. Baada ya hapo hakuna kitu."

"Unaweza?"

Irja aliutazama ule weupe. Barabara ya Mgodi ni nyembamba. Upande wa kulia kuna nyumba chache, upande wa kushoto ni mteremko wa miti hadi mtoni. Akipotea, ambulensi itapotea naye. "Sijui, mzee," alisema. "Polepole, labda."

"Basi polepole."

Ambulensi ilifika na taa zake, ikajipanga nyuma yake, na Irja akashusha jembe.

Maili ya kwanza aliendesha kwa kuusikiliza mlio wa chuma. Jembe likiwa juu ya lami hukoroma. Likiingia kwenye kokoto za kando hupiga kelele kali. Aliposikia kelele alirudi kushoto kidogo, na koromo liliporudi alipumua. Alikuwa ameegemea usukani, paji la uso karibu ligonge kioo. Halafu, kulia kwake, kitu chekundu kikatokea, karibu kiasi cha kuguswa: kiakisi mwanga kwenye sanduku la barua la kina Lahti. Alikijua. Alikipigilia yeye mwenyewe, mwezi wa Desemba, kwa misumari mitatu kwa sababu wa nne ulipinda.

Masanduku yote kumi na moja yalikuwa kwenye barabara hii. Alijua yamepandwa umbali gani kutoka kwenye lami, kwa kuwa Waldo alimpa kamba ya kupimia. Alijua ni hatua ngapi kati ya moja na jingine, kwa kuwa alizitembea na nguzo begani. Baada ya Lahti, hatua mia mbili, lipo la kijani lenye picha ya samaki. Baada ya samaki, kona.

Kwenye redio Lyle alikuwa akizungumza na Waldo, na maneno yake yalianza kuburuzika. Waldo akamuuliza jina la mkewe. Akajibu baada ya muda. Akamuuliza leo ni siku gani. Lyle akasema, "Niache nipumzike kidogo, mzee."

"Usilale, Lyle."

Hakujibu.

"Namba Nne. Lyle."

Irja alipita sanduku la samaki. Alibonyeza kitufe kabla hajafikiri. "Lyle, ni mimi."

Kisha, kwa mbali, "Mimi nani?"

"Sanduku."

Kitu kama kicheko kilisikika. "Sanduku. Umeua wangapi leo?"

"Bado. Zungumza nami."

"Zungumza wewe. Mimi nimechoka." Sauti ikafifia, kisha ikarudi, na ndani yake kulikuwa na ile kejeli yake ya zamani, nyembamba kama uzi. "Niambie ya waipa."

Redio ile husikika kwenye malori yote, gerejini, na mezani kwa Waldo. Jembe lilianza kupiga kelele, Irja akarudi kushoto.

"Niambie, la sivyo nalala," alisema Lyle.

"Waipa haikuganda," alisema Irja. Sauti yake ilitoka kavu. "Nilimdanganya mzee Waldo. Nilisimama kukamata theluji."

"Kukamata vipi? Eleza."

"Kwa kitambaa. Cheusi, cha mahameli. Zilikuwa kubwa, Lyle, zenye mikono sita, na kwenye kila mkono kuna matawi, na kwenye matawi kuna matawi mengine. Zinataka hewa tulivu na nyuzi kumi na tano kamili. Ikizidi au ikipungua kidogo hazijitengenezi. Nimezisubiri miaka."

"Ukapiga picha ngapi?"

"Kumi na nne."

"Dakika tisa, picha kumi na nne."

"Zilizotoka ni mbili tu. Nyingine niliziyeyusha kwa pumzi."

Lyle alicheka, akakohoa kwa muda mrefu. "Wewe ni mwendawazimu."

"Ndiyo. Usilale. Uliza jingine."

"Watoto wa basi uliwaona?"

Swali hilo lilimchoma kuliko yote. "Sikuwaona," alisema. "Lilikuwa upande wa pili wa kilima. Sikuangalia."

Hakuna mtu mwingine aliyeingia kwenye redio. Irja aliendelea kuzungumza, maana alikuwa amekwisha kuvunja kilichovunjika: akamweleza Lyle kuhusu mahameli inayolala na samaki, kuhusu yule bwana aliyeuliza zina kazi gani, kuhusu trei sita za mikate. Kila baada ya sanduku moja alimwita kwa jina, naye akaitika, kila mara kwa kuchelewa zaidi. Baada ya sanduku la saba Lyle aliitwa mara tatu bila kuitika.

"Namba Saba," alisema Waldo. Sauti yake ilikuwa nzito. "Upepo umezidi. Watu wa ambulensi wanasema hawaoni taa zako. Simama hapo mpaka upungue."

"Nikisimama theluji itatufunika mimi na ambulensi, mzee. Na Lyle haitiki."

"Mkianguka nitakuwa na magari mawili mtoni."

"Waambie wafuate mstari wa jembe langu, wasitafute taa. Yamebaki masanduku manne. Nayajua."

Redio ilikwaruza. Irja alihesabu pumzi zake, kumi, kumi na moja.

"Endelea," alisema Waldo.

La nane lilikuwa la plastiki. La tisa lilisimama limeinama kwa sababu chini yake kulikuwa na mwamba. La kumi hakuliona. Akasikia tu pigo dogo kwenye bawa, akajua amelivunja tena, akajua pia kwamba yuko mahali pake kabisa. Alikunja bawa, akakata kona ya pili kwa kutambaa, na hapo, kabla ya kwa kina Tervo, akaona ubavu wa lori la rangi ya chungwa ukiwa umeelekea mbinguni, nusu yake imekwisha kuzikwa.

Wahudumu wawili wa ambulensi, mwanamume na mwanamke, waliingia kupitia kioo kilichotoka. Yule mwanamke akatoa kichwa nje baada ya dakika moja. "Anapumua. Lakini usukani umemkandamiza paja, hatuwezi kumtoa. Zimamoto watafika lini?"

"Hawatafika," alisema Irja. "Hakuna njia nyingine ila hii, nayo imekwisha kufungika nyuma yetu."

Alichukua mnyororo nyuma ya kiti. Walifunga ncha moja kwenye mhimili wa usukani, nyingine kwenye jembe la lori lake, na Irja akarudi kwenye kabini. Wenzo wa kuinulia jembe hauna upole. Ukiusukuma kidogo chuma cha tani nzima huruka. Majira yote alikuwa akipelekwa puta na wenzo ule. Sasa alivua glavu, akauweka mkono mtupu juu yake, akamtazama yule mwanamke aliyesimama kwenye theluji na mkono mmoja juu.

Mkono ulishuka kidogo. Irja alisukuma upana wa unywele. Mnyororo ukakaza, ukalia. Ndani ya lori lile Lyle akapiga yowe. Mkono ukapanda: simama. Vidole vya Irja vilikuwa vimeganda kwenye chuma. Mkono ukashuka tena. Akasukuma tena, unywele mwingine. Kitu kikapasuka mle ndani, plastiki au mfupa, hakujua. Kisha yule mwanamume akapaza sauti kwamba Lyle ametoka.

Walimpitisha mbele yake kwenye machela, amefungwa blanketi mpaka kidevuni, uso rangi ya majivu. Hakumtambua Irja.

Paja lilikuwa limevunjika mara mbili, na baadaye madaktari walimkata vidole viwili vya mguu. Kwa ajali hiyo, na kwa kuwa theluji ilikuwa bado imefunga njia za mji, kikao cha Ijumaa kiliahirishwa hadi Jumatatu. Kwa Irja siku hizo tatu zilikuwa ndefu kuliko zile maili sita. Gerejini watu walimpiga bega, wakamsogezea kiti. Waldo peke yake hakumsemesha.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Noreen Pascoe, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyevaa miwani yenye mnyororo. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya Waldo iliyoandikwa habari ya waipa.

"Tumesikia yaliyotokea Alhamisi," alisema, "na familia ya Bwana Trudell imetuandikia. Tunashukuru. Lakini tumekuja kwa jambo la Kilima cha Saari. Ulisimama kwa nini, Binti Rautio?"

Kwenye dhoruba alisema ukweli akiwa ameshika usukani. Hapa mikono haikuwa na cha kushika. Irja aliiweka mezani. "Nilisimama kupiga picha chembe za theluji, Bi Pascoe. Habari ya waipa ni uongo. Mzee Heikkinen aliandika nilichomwambia. Yeye hana kosa."

"Na basi la shule?"

"Sikujua liko pale. Lakini kazi yangu ilikuwa kujua."

Bi Pascoe alivua miwani, akaivaa tena. "Mimi nina mjukuu kwenye basi hilo," alisema. Hakusema kwa hasira, na hapo Irja alitamani angekasirika.

Walimtoa nje. Alikaa kwenye benchi la korido dakika arobaini, akitazama saa ya ukutani iliyokuwa mbele kwa dakika tano. Walipomwita ndani, uamuzi ulisomwa kwa maneno machache: anaondolewa barabarani mpaka theluji iishe; atafanya kazi ya gereji, kuosha na kupaka grisi; mwezi wa Aprili atafanya mtihani upya, na majaribio yataanza moja. Kuhusu uongo, barua itawekwa kwenye faili lake na haitatoka. Kura zilikuwa mbili kwa moja. Hakuambiwa nani alitaka aende nyumbani.

Waldo alimfuata mpaka kwenye maegesho, amevaa kofia yake ya masikio.

"Nina hasira tangu Alhamisi," alisema.

"Najua, mzee."

"Hujui. Dakika tisa, sawa, ujana. Lakini mimi ningesimama mbele ya watu wale na kuapa kwa ajili yako." Alipangusa pua kwa glavu. "Na Alhamisi hiyo hiyo nilikuwa namsikiliza mtu wangu anakufa redioni, nawe ukatoa hilo ili asilale. Sasa nikasirike vipi? Sijui hata pa kuanzia."

Irja alikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake kwa ukucha.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi," alisema Waldo. "Njoo na glavu za mpira. Grisi haitoki mikononi." Akaenda kwenye gari lake.

Aliosha malori majira yale yote yaliyobaki. Aliwaona wenzake wakitoka alfajiri na kurudi na mashavu mekundu, na mara nyingine, theluji nzuri ikianguka, alisimama mlangoni na ndoo mkononi, akaitazama kwa pumzi mbili tatu, halafu akarudi ndani mwenyewe bila kuitwa. Baadhi ya siku alirudi kwa shida.

Wiki ya pili ya Aprili, siku mbili kabla ya mtihani wake, Lyle Trudell aliingia gerejini kwa mkongojo. Amekonda, na kiatu kimoja kikubwa kuliko kingine. Wenzake walimzunguka, wakampa kahawa, akawatania mmoja mmoja. Irja alibaki chini ya lori namba nne, lililokuwa limenyooshwa na kupakwa rangi upya, akisugua chumvi kwenye mihimili. Aliona ule mkongojo ukija, ukasimama karibu na kichwa chake.

Lyle hakusema asante, na Irja hakuitarajia. Lyle alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu mbovu ameunyoosha, akamtazama akifanya kazi.

"Pale nyuma ya gurudumu hujasugua," alisema hatimaye.

Irja alijiburuta akatoka chini, akampa brashi. Lyle aliigeuza mkononi, akaweka mkongojo sakafuni, akainama polepole kwa maumivu, akaanza kusugua.